Malalamiko Kuhusu Kebo Inayokula Salamu

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Warusha Redio wa Majumbani.

Ndugu Mwenyekiti,

Nakuandikia nikiwa na uzima nisioustahili na subira iliyofika ukingoni. Sina desturi ya kulalamika. Miaka arobaini nimefundisha dini watoto wa watu, na walionitia majaribuni ni wengi, wakiwamo wawili walioficha chura katika mtoto wa meza yangu. Sikumwandikia mtu barua. Lakini hili la Mshauri wenu wa Ufundi, bwana mnayemwita Fundi Kipimo kwa kuwa hatembei bila kifaa cha kupimia mfukoni, limempita chura.

Kisa chenyewe ni kifupi. Panya waliitafuna kebo yangu ya zamani, ile iliyoteremka kutoka kwenye antena juu ya paa hadi kwenye redio ya mawasiliano chumbani kwangu. Nikamwita Fundi Kipimo, kama katiba ya Chama inavyoelekeza. Akaja, akapima ukuta, akaniambia ninunue kebo nene kama kidole gumba, mita kumi na mbili, wala nisizidishe. Nikaenda dukani. Muuza vifaa vya umeme akaniwekea mezani aina tatu: nyeupe ya televisheni, nyeusi nyembamba, na nyeusi nene. Niliutazama ule unene nikauchukia. Unene katika kitu kisicho na tumbo ni kiburi. Nikamwambia wembamba wa reli, garimoshi hupita. Nikachukua ile nyembamba, tena rola zima la mita mia, maana akiba haiozi.

Mita kumi na mbili zikapanda ukutani. Zile themanini na nane zilizobaki sikuzikata. Nilizikunja duara juu ya duara, nikazifunga kwa vitambaa vya shuka kuukuu, nikazilaza chini ya kitanda, ncha moja ikiingia kwenye redio na nyingine ikipanda kwenda kwenye antena. Kazi safi kama ile sijapata kuiona, na nalisema hilo bila majivuno.

Sasa sikiliza yaliyofuata.

La kwanza: kebo inakula. Nilipoona sisikiki, nilimwita tena Fundi Kipimo. Alichungulia chini ya kitanda, akaketi sakafuni, akacheka hadi miwani ikamtoka. Kisha akanieleza, bila dalili ya aibu, kwamba kila kebo duniani hula sehemu ya sauti inayopita ndani yake. Nyembamba hula kuliko nene, ndefu hula kuliko fupi, na zile duara zangu chini ya kitanda zinakula sawasawa na kama zingetandazwa barabarani. Ndugu Mwenyekiti, mjumbe hupewa amana ili aifikishe. Mchukuzi akipewa mkungu wa ndizi, akafika na maganda, hatuulizi kama ni mnene au mwembamba, tunamwita mwizi. Chama chako kinamjua mwizi huyu. Kimempima. Kimeandika katika jedwali kiasi anachoiba kwa kila mita, na jedwali hilo limebandikwa ukutani ofisini kwenu, juu ya birika la chai, kana kwamba ni tangazo la heri. Nimetembea na wanadamu miaka sabini na minne, na hii ni mara yangu ya kwanza kuona wizi unaotangazwa kwa rangi mbili.

La pili: hesabu zenu. Fundi anadai kebo ya redio yetu sharti iwe ya omu hamsini, kipimo chao cha umeme, na ile ya televisheni ni ya sabini na tano. Nikamuuliza kwa adabu kwa nini watazamaji wa mipira wapewe sabini na tano, na sisi tunaozungumza mambo ya maana tuambulie hamsini. Katika ualimu wangu wote sikuona aliyepata hamsini akimcheka aliyepata sabini na tano. Akanijibu kwamba hizo si alama za mtihani, ni suala la kebo kulingana na redio. Hilo ndilo jibu la aliyepata hamsini.

La tatu: aliniambia nikate. Hapo ndipo alipovuka mpaka. Kukikata kitu kizima kisicho na kosa, na kuziacha mita themanini na nane zikae bila kazi, ni ubadhirifu, na ubadhirifu nilianza kuukemea kabla yeye hajazaliwa. Nilimfafanulia jambo hilo kwa utulivu, nikianzia kwenye kuumbwa kwa ulimwengu. Alisikiliza hadi gharika, akatazama saa, akaaga. Hakungoja hata maji yakauke.

La nne, ambalo ningelitanguliza kama nisingeona haya.

Dada yangu mkubwa anaishi juu milimani, kwenye kituo cha hali ya hewa alichokisimamia marehemu shemeji yangu. Simu haifiki huko. Marehemu ndiye aliyetufundisha redio sote wawili, na tangu tulipomzika, kila Jumamosi saa nne asubuhi dada huniita nami humwitikia. Mama yetu alizaa saba, tumebaki wawili. Jumamosi ile kabla ya panya, dada alinieleza kwamba amempa mjukuu wake sanduku la marehemu mama, bila kuniuliza. Nami nikamjibu neno moja lisilonifaa kwa umri wangu wala kwa elimu yangu, nikazima redio. Nilikusudia kumwomba radhi wiki iliyofuata.

Wiki iliyofuata kebo ilikuwa hii.

Mimi namsikia. Mashine ya kituo ina nguvu, na kinachosalia baada ya kebo kushiba kinayatosha masikio yangu. Lakini redio yangu ni ndogo, na makombo yake hayaupandi mlima. Ananiita, namwitikia, ananiita tena. Nimeomba radhi kwa sauti kubwa hadi fundi cherehani wa chumba cha pili akagonga ukuta, akasema kama ni yeye ninayemwambia, amekwisha kunisamehe.

Jumamosi tatu zimepita hivyo. Ya mwisho, dada alisema polepole, kama mtu anayesema na aliyempa mgongo: "Mdogo wangu, najua upo. Kama ni lile sanduku limekufunga mdomo, basi. Wiki ijayo nitakuita mara ya mwisho. Usiponijibu, mashine hii nitawapa watu wa shule."

Nilimjibu papo hapo. Kebo ikala.

Kwa hiyo naomba, na ninaposema naomba nina maana nadai, mambo yafuatayo:

(a) Fundi Kipimo avuliwe cheo, na kile kifaa chake kipimwe chenyewe.

(b) Jedwali la wizi libanduliwe, na Chama kitangaze rasmi kwamba kuanzia sasa kebo zote, nene kwa nyembamba, zitafikisha amana kamili.

(c) Kwa kuwa maneno yaliyoliwa yalikuwa yangu, Chama kinirudishie. Kikishindwa, Fundi Kipimo aupande mlima kwa miguu, asimame mlangoni kwa dada kila Jumamosi saa nne, na amwambie yote nitakayomtuma, bila kula hata herufi. Ataona mwenyewe kama mjumbe mnene anafika mapema.

(d) Asicheke.

Nifikishie salamu kwa Katibu, kwa Mweka Hazina na mguu wake unaomsumbua, kwa mama anayetupikia chai, na kwa wanachama wote waliokaa na wanaosimama kwa uhaba wa viti. Fundi Kipimo naye msalimie, kwa kuwa salamu ni haki hata ya mkosaji; ila iwe fupi.

Wako katika haki na subira,

Mwalimu mstaafu wa dini,
mwanachama tangu Chama kilipokuwa na viti vinne.

Tanbihi. Barua hii niliimaliza Ijumaa asubuhi, nikamsomea mama wa watoto wangu aliyekuwa akichambua mchele. Alisikiliza hadi mwisho, hakusifu lugha, akaniuliza: "Sasa baba, unachotaka kutunza ni kebo au ni dada?" Nilimtuma akamwite Fundi Kipimo, na apitie mlango wa nyuma. Akaja, akaingia uvunguni na kisu, akakata, akafunga plagi mpya. Hakucheka, ingawa nilimwona akijikaza. Zile mita themanini na nane zimepata kazi: zinaanika nguo uani, na hadi leo hazijala hata soksi.

Madai (a), (b) na (c) yafutwe. La (d) libaki. Fundi Kipimo aongezewe kiti. Barua yenyewe naituma ilivyo, kwa kuwa karatasi nne zilizoandikwa pande zote mbili hazitupwi; huo nao ni ubadhirifu.

Leo Jumamosi, saa nne kamili, dada ameniita. Nilivuta pumzi, nikamwomba radhi kwa sauti ileile ya wiki tatu. Nikaachia kitufe, nikatega sikio. Fundi cherehani naye, nadhani, alikuwa akisikiliza. Kisha dada akasema:

"Mbona unanipigia kelele? Mimi si kiziwi."