Kaimu Injini

Ilitangazwa asubuhi, kwa vipaza sauti na kwa fahari kubwa, kwamba kuanzia siku hiyo hakuna kitakachoruka angani bila injini iliyokaguliwa. Ndege wa porini walipewa kipindi cha mpito. Kuku hawakuguswa, kwa kuwa hawakuwa wameonyesha nia.

Tangazo lilikuwa la Mkurugenzi wa Usalama wa Anga, mtu mnene na mwadilifu, aliyeamini kwa dhati kwamba kisichokaguliwa hakipo. Kwa hiyo aliposikia kuwa seremala wa nyuma ya soko amejenga ndege nyumbani kwake na anataka kushindana nayo, alikwenda mwenyewe na Naibu wake kuhakikisha kama ipo.

Ilikuwepo, tena imeijaza nyumba. Mabawa marefu membamba yalipita sebuleni yakatokea dirisha la jikoni, na mashuka yalianikwa juu ya mkia. Seremala alisimulia historia bila kuulizwa. Ndege ya kwanza ilikuwa na mabawa mafupi; ilirushwa kutoka kilimani ikashuka kama tofali. Ya pili mabawa yalikuwa marefu lakini ya mbao nzito, ikamvunja mguu. Hii ya tatu, mbao zake alizipiga randa mpaka mwanga ukapenya, na ngozi yake ni kitambaa alichokishona mkewe, fundi cherehani, kikapakwa gundi kikakazika.

"Viti viwili vya nini?" aliuliza Mkurugenzi.

"Cha nyuma changu," mke alisema. "Nishone mabawa miaka yote hii, halafu nibaki chini napunga mkono? Thubutu!"

"Na injini iko wapi?"

"Haina, mheshimiwa," alisema seremala.

"Imeibwa lini?"

"Haijawahi kuwepo."

"Kumbe iliibwa zamani," Mkurugenzi alimwambia Naibu. "Andika."

"Mzee, hii inavutwa na gari kwa kamba mpaka ipae. Huko juu tunatafuta hewa ya joto inayopanda, tunazunguka nayo. Anayefika mbali kuliko wote ndiye mshindi."

"Na hiyo hewa ina kibali?"

Seremala alimtazama mkewe. Mkewe alitazama cherehani.

Mashindano yalikuwa Jumapili. Bila kibali wangebaki nje ya uwanja, na jasho lao lote lingeishia kuwa pa kuanikia mashuka. Mkurugenzi hakuwa katili. Aliitisha kikao, kikao kikaitisha chai, na chai ilipopoa Naibu alipata jibu. Katika ofisi ile vyeo vingi vilikuwa wazi na vyote vilikaimiwa. Mhasibu alikaimu ukatibu, katibu alikaimu udereva, na dereva alikaimu udaktari wa marubani. Injini nayo ilikuwa nafasi iliyo wazi tu.

"Tuteue Kaimu Injini," alisema Naibu. "Ila asiwe mtu wa hivihivi. Injini ndiyo inayosukuma. Sasa bosi, hapa nani anatusukuma sote kama si wewe?"

Mkurugenzi alivikwa kilemba cha ukoka, na alikiona kimemkaa vizuri. Kiti cha nyuma kilitwaliwa rasmi, na mke wa seremala akaambiwa aondoe mto wake.

"Mmeniumiza," alisema. "Mmeniumiza kweli."

Mkurugenzi alimpa pole ya kiserikali.

Siku ya majaribio alipanda na tai yake na beji yake. Gari lilivuta, nyasi zikabaki chini, na kukawa kimya.

"Mzee, usishike kitu," alisema seremala kutoka mbele.

Dhamiri ilimsuta Mkurugenzi. Injini gani isiyonguruma? Akanguruma. Alinguruma kwa uaminifu wakipanda, akanguruma kwa hofu walipopinda, na tumbo lilipomgeuka akatoa na vingine ambavyo si sauti.

"Mzee, nakuomba! Nausikiliza upepo!"

Hewa ya kupanda ilipatikana, lakini mzigo ule haikuuweza. Walitua kwenye shamba la kabichi, wakiwa bado wanaliona gari lililowavuta.

Naibu alifika na wakaguzi, maana kila injini hukaguliwa baada ya safari yake ya kwanza. Walimkagua palepale kati ya kabichi, wakamgonga mgongo, wakamsikiliza kifua. Naibu alisoma matokeo kwa sauti ya msiba.

"Kuukuu. Inavuja. Kelele zake ni nyingi kuliko kazi. Inakula sana na haisukumi chochote. Chombo ndicho kinachoibeba. Iondolewe, na isirudishwe kazini popote."

"Wewe! Mimi ni Mkurugenzi!"

"Kwenye jalada ni injini, bosi."

"Hakuna injini inayoondolewa bila saini ya Mkurugenzi!"

"Ni kweli, bosi," alisema Naibu akifungua kalamu. "Nakaimu."

Ama kuhusu ndege, kwa kuwa sasa ilikuwa na injini iliyowahi kuwepo, ikakaguliwa, ikastaafishwa kwa kufuata taratibu, ilipewa kibali siku ileile.

Jumapili uwanja ulifurika. Mke wa seremala alikaa kiti cha nyuma, amejifunga mkanda, anacheka peke yake. Mabawa marefu yana shida moja: ndege ikisimama hulalia upande, na lazima mtu ashike ncha ya bawa akimbie nalo mpaka likamate hewa. Walitafuta mtu asiye na shughuli. Pembeni alisimama mzee mnene, ana tai lakini hana beji.

"Mheshimiwa, njoo utushikie hapa," mke wa seremala alimwita. "Gari likivuta, kimbia. Likikuzidi, achia."

Alishika. Gari lilivuta, akakimbia, tai ikimpiga usoni, watu wakimshangilia bila kumjua. Bawa lilijaa upepo mkononi mwake likataka kwenda. Mazoea yote ya kazi yake yalimwambia alizuie kwanza, aulize maswali.

Akaliachia. Katika utumishi wake wote, hicho ndicho kilichokuwa kitu cha kwanza kupita mikononi mwake kikafika mahali.