Mstari wa Juu wa Sura ya Nane

Jamani, leo nimeaibika mpaka basi. Nipo intaneti kafe hapa mjini, nimejificha. Sitaki kukutana na mtu yeyote wa kwetu Mkonze.

Mnakumbuka kile kitabu cha jubilei ya usharika wetu nilichokuwa nakipanga kwenye kompyuta dukani kwa bosi? Mwenyekiti wa kamati ni Mzee Chidawali, baba yake Neema. Barua yangu ya posa iko kwake tangu mwezi jana, na mshenga aliahidiwa jibu leo baada ya ibada. Kwa hiyo nilikipanga kile kitabu kama napanga maisha yangu.

Kilikuwa na sura tisa, kila sura na faili lake, maana kompyuta yetu ikibebeshwa kitabu kizima inaganda. Alhamisi nikagundua kila sura ina herufi zake na pambizo zake. Aibu! Bosi akaja juu: "Wanasubiri kuchapa! Fanya zote zifanane, tuwahi."

Programu ina njia yake. Unachagua faili moja zuri, unaamuru mengine yaige mipangilio yake. Faili zuri kuliko yote lilikuwa sura ya nane, ya marehemu wetu. (Nililitengeneza kwa heshima, si ni wafu jamani.) Nikaweka tiki kila kisanduku, kikiwemo cha mstari wa juu ya kurasa, ule unaobeba jina la sura. Nikakagua ukurasa wa kwanza wa kila sura. Safi! (Ukurasa wa kwanza wa sura hauwekwi mstari wa juu. Nalijua hilo. Huwa nawafundisha wenzangu.)

Leo vitabu vimegawiwa kanisani. Mchungaji akasema, "Fundi wa kitabu asimame tumpigie makofi." Nikasimama. Nikatabasamu. Neema yuko kwaya, ananiangalia. Sijawahi kuwa mrefu namna ile.

Dada yake Mzee Chidawali, bibi mmoja aliyekuja na basi kutoka Mpwapwa, alikuwa anasoma kwa kidole ukurasa wenye picha ya kamati. Makofi yakapungua, sauti yake ikabaki peke yake:

"Waliolala... katika... Bwana. Kaka, huyu si wewe?"

Kanisa zima likafunua kurasa. Waliolala katika Bwana: kamati ya jubilei. Waliolala katika Bwana: kwaya ya vijana. Waliolala katika Bwana: watoto wa shule ya Jumapili, wamevaa soksi nyeupe! Bibi akaanza kulia, na kaka yake amesimama palepale.

Nikamtazama bosi anitetee. Akajibu kwa sauti, "Mimi nauza karatasi tu. Mtaalamu ni yeye." (Alhamisi nilikuwa "wewe kijana.") Nina hasira naye mpaka sasa.

Nikamkimbilia mzee, nikainama. "Shikamoo baba."

Akavua miwani taratibu. "Marehemu haitikii shikamoo."

Watu wakacheka kanisani, mbele ya msalaba! Mchungaji alijifunika uso kwa kitabu changu.

Mshenga amenifuata nje saa saba. "Nimeuliza jibu la posa," akasema. "Mzee anasema uende baada ya arobaini yake."

"Arobaini ya nani?"

"Yake mwenyewe."

Nawaombeni sana, msicheke. Kama mmeshindwa kujizuia, basi chekeni huko huko mliko. Aliyecheka kwa sauti kuliko wote leo ni Neema, na bado sauti yake naisikia.