Wapiga Gitaa wa Bure na Ng'ombe wa Baba Mkwe

Jumamosi, 6 Julai 1996

Baridi. Mlima Kilimanjaro haujaonekana wiki nzima. Nimevaa sweta mbili kutoka kwenye meza yangu ya mitumba na bado natetemeka. Mchana nikakuta tangazo kwenye ukuta wa soko la Kiboriloni: Tamasha la Majira ya Joto. Kiingilio Bure.

Joto lipi? Nikaangalia kalenda ya mwenye duka la dawa. Ni Julai.

Nilikwenda. Uwanja wa nyuma ya soko, jenereta, spika, vijana wanne na magitaa. Mmoja nilimtambua. Ni Godlove, mtoto wa mchungaji wa Machame, aliyekwenda kusoma Ulaya. Wale wengine ni wazungu, wenzake wa chuo, na ngoma anapiga dada. Kwenye ngoma kubwa wamechora ndama wa bluu. Wakapiga muziki wenye kelele na huzuni kwa pamoja. Nikasubiri watoe wanachouza. Mwaka jana walikuja watu wa dawa ya meno na sinema ya bure, na katikati ya sinema wakatoa dawa ya meno. Hawa walipiga mpaka giza likaanza kuingia, wakashukuru watu, wakakunja nyaya, wakaondoka.

Hawakuuza kitu. Hata kalamu.

Filemon, ambaye meza yake ya mitumba imepakana na yangu, alikaa mpaka mwisho. Filemon hakai mahali bila sababu. Anajua kitu. Bidhaa hii, iwe yoyote, itahitaji wakala hapa Moshi. Wakala huyo hatakuwa Filemon.

Jumapili, 7 Julai

Baada ya misa nimemkuta Godlove hotelini anakunywa chai na wenzake. Nikaagiza yangu, nikamwuliza kama mtu asiye na haja, wametumwa na kampuni gani. Akasema hakuna kampuni. Wako likizo. Huko kwao sasa ni majira ya joto, na watu hupiga muziki nje, bure, anayetaka anakuja. Wameona waje kufanya vilevile huku. Nikamwuliza muziki wenyewe unaitwaje. Akafikiri sana. Akasema kwa Kiswahili labda ni roki ya kujitegemea.

Nikaiacha chai yangu mezani.

Kujitegemea. Nilidhani hayo yaliisha pamoja na foleni za sukari. Basi ni serikali. Wanarudisha vijiji vya ujamaa, safari hii kwa magitaa. Nikamwambia mke wangu Yuditha tusifungue robota jipya la nguo mpaka tujue mwelekeo. Yuditha akasema labda wanapiga kwa sababu wanapenda kupiga. Nikamweleza taratibu kuhusu soko huria. Akaendelea kumenya ndizi.

Jumatano, 10 Julai

Leo wamepiga Old Moshi, kwenye uwanja wa shule. Nimepanda kilima na mkungu wa ndizi begani, zawadi kwa wapigaji, ili wanikumbuke. Nimefika nikihema, nikamkuta Filemon keshawapa kapu la maparachichi. Yule dada wa ngoma alikuwa anakula moja kwa kijiko. Ndizi zangu wakaziweka chini ya gari.

Nikabadilisha mpango. Walipopumzika nilijificha nyuma ya jenereta nisikilize siri zao. Kelele. Moshi. Mkono wa sweta ya juu umeungua. Lakini katikati ya kelele nilisikia maneno matatu ya Godlove, wazi kabisa: Machame, ng'ombe, Jumamosi.

Nikakaa chini palepale. Ndama wa bluu! Si serikali. Ni dawa ya ng'ombe. Muziki ni wa kukusanya wafugaji, na Jumamosi, kule Machame kwenye ng'ombe wengi, ndipo wanaanza kuitoa.

Nimemwangalia Filemon akicheza peke yake karibu na spika. Maskini. Hajui lolote.

Ijumaa, 12 Julai

Nimekwenda Machame kwa baba mkwe, Mzee Eliaichi. Njiani nimeona tangazo la wale vijana: kesho wanapiga uwanja wa chini. Mzee huyu hajawahi kunikubali. Kwanza mimi Mkatoliki wa Kibosho, wao ni Walutheri tangu enzi za Wajerumani. Pili nauza nguo za wazungu waliokufa. Hivyo ndivyo anavyoamini na nimeshachoka kumkatalia. Tangu nimwoe Yuditha sijawahi kuketishwa ndani. Naketishwa kwenye benchi la nje, karibu na banda la ng'ombe.

Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia, akaniuliza, "Wenseslaus, leo umekuja na mambo gani?"

Nikamwambia kesho kuna dawa ya ng'ombe kutoka Ulaya, bure, uwanja wa chini. Amlete ng'ombe wake mapema awe wa kwanza, na asimwambie mtu. Halafu akaniambia niingie ndani ninywe maziwa.

Ndani! Kiti kina kitambaa cha kufumwa.

Jumamosi, 13 Julai

Mzee amewaambia ndugu zake. Ndugu zake wamewaambia wake zao. Nimefika na Yuditha nikakuta ng'ombe wametanda uwanjani kuliko watu.

Ng'ombe wa Machame haendi malishoni. Anaishi bandani, akina mama wanambebea majani. Wengi leo ndiyo wameiona barabara kwa mara ya kwanza. Wamesukumwa, wamevutwa, mmoja aliketi katikati ya njia akagoma. Gitaa la kwanza lilipolia, nusu yao walikatisha kwenye migomba na wenyewe wakawafuata. Ng'ombe wa Mzee Eliaichi hakukimbia. Alitembea polepole hadi mbele, akaanza kula migomba iliyopamba jukwaa.

Muziki ukasimama. Mzee akaenda kwenye maiki na kamba ya ng'ombe mkononi, amevaa koti la kanisani, akauliza dawa iko wapi.

Godlove akasema, "Shikamoo, baba. Hatuna dawa. Tuna nyimbo tu."

Mzee akageuka kunitafuta. Watu wote wakageuka kunitafuta. Filemon alicheka mpaka akashika mti. Nikasema kwa sauti kwamba nilimsikia Godlove mwenyewe akitaja ng'ombe. Godlove akakumbuka. Alikuwa anawaambia wenzake kwamba Jumamosi wangelala kwao Machame, chumba kilichopakana na ng'ombe, wasishtuke usiku.

Nilitaka kuondoka. Lakini ng'ombe wa Mzee alikataa kuiacha migomba, na Mzee hawezi kumwacha ng'ombe wake, kwa hiyo akaketi juu ya jiwe. Wakapiga wimbo wa polepole. Nikaona kiatu cha Mzee kinagonga ardhi. Wakapiga mwingine. Mzee akasimama, kamba bado mkononi, akaanza kuyumba. Yuditha akaenda akacheza naye. Sijamwona Yuditha akicheza tangu harusi. Nilikuwa nimesahau kwamba akicheza hufumba macho.

Akaja akanishika mkono. Akasema, "Baba Victoria, njoo."

Nikamwambia angoje kidogo. Filemon alikuwa anakaribia masanduku yao. Ilibidi nimwangalie. Alikuwa anawasaidia kukunja waya. Niliporudi wimbo ulikuwa umeisha.

Jumapili, 14 Julai

Nilitegemea matusi kutoka Machame. Badala yake shemeji ameleta maziwa na salamu za Mzee. Mzee anasema hajafurahi hivyo tangu mama mkwe afariki, na Jumapili ijayo niende tukale mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Nimelichunguza lile dumu la maziwa juu na chini. Kwa nini anafurahi? Ameaibishwa mbele ya usharika mzima na amepata nini?

Amepata kitu. Hataki kusema.

Nilikimbilia kituo cha mabasi kuwaaga vijana, wanakwenda Dar. Nikamwuliza Godlove kwa mara ya mwisho, kiume, aniambie. Akanishika bega akasema, "Kaka, tunapenda tu kupiga."

Ndivyo anavyosema mtu aliyekwisha kumpa mwingine uwakala.

Jumatatu, 15 Julai

Mlima umetoka. Yuditha ameamka mapema, amefua, ameanika, na muda wote anaimba ule wimbo wa polepole, bila maneno, maana maneno yenyewe ni ya Kiingereza. Nikasimama nyuma ya shuka nikasikiliza. Sauti yake nzuri. Nikamwuliza anaimba kwa ajili ya nani.

Akasema hakuna, amefurahi tu. Akaniuliza kama nataka anifundishe.

Nilikuwa nafikiri. Baba anafurahi, binti yake anafurahi, hakuna aliyelipwa. Haiwezekani. Wao wawili ndio mawakala. Wamenizunguka ndani ya nyumba yangu.

Kesho anakwenda Machame kumsalimia Mzee. Ameniomba twende pamoja. Nimekataa, nimemwambia nina kazi sokoni. Nitamfuata kwa nyuma.