Safari ya Kutoka Zama za Mawe

Jumatatu, 3 Machi

Vita imeanza. Mwalimu Mkuu katangaza kikaoni kwamba kipindi changu cha Historia cha Ijumaa, darasa la nne, huenda kikapewa Hesabu. Sababu: watoto wanasinzia. Mbona hata mimi nasinzia na sijalalamika? Mkaguzi atakuja Ijumaa kuamua. Mwalimu wa Hesabu, tunayemwita Kikokotoo, kanipa pole kabla ya msiba. Roho nzuri ajabu. Nitafundisha kwa mchezo. Watakiona cha mtema kuni.

Jumanne, 4 Machi

Mchezo tayari! Ubao ni boksi la viatu. Njia inaanzia Zama za Mawe, inapita kwa wafalme, inaishia Uhuru. Dadu nimelichonga mwenyewe kutoka soli ya ndala, vitone nimetia kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Sheria tamu kuliko zote: wote wanaanzia pangoni, na hatoki mtu mpaka apate sita. Aliye pangoni haruhusiwi kusema, maana lugha bado. Historia na nidhamu kwa mpigo mmoja.

Mke wangu, fundi cherehani, kashauri tuujaribu kwanza na wanetu. Yeye hakati kitambaa kabla ya kupima mara mbili. Nikamweleza kwa upole kwamba historia si gauni. Akauliza rangi yake ya kucha iko wapi. Nikaenda kulala.

Alhamisi, 6 Machi

Kikokotoo kaomba kuliona dadu, chumba cha walimu. Akaligeuza, akaligeuza tena, akatabasamu, akanirudishia. Kazi nzuri, alisema. Wivu unamla. Kesho atakuja kutazama, atakaa nyuma. Karibu sana, ndugu yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Mkaguzi, mama mmoja wa miwani, aliomba naye acheze. Heshima iliyoje! Nikamtia pangoni pamoja na Mwalimu Mkuu na darasa zima. Dakika kumi, hajatoka mtu. Ishirini, bado. Mkaguzi akataka kuuliza jambo. Watoto wakaweka vidole midomoni mwao kumnyamazisha, sheria ni sheria. Nikasema subira huvuta heri. Dakika ya thelathini na tano, binti wa dawati la mbele, mwenye mdomo kuliko umri wake, akavunja sheria: mwalimu, dadu lako lina tano mbili, sita hakuna.

Nikajibu kwamba mababu zetu nao waliteseka hivyohivyo. Hakucheka mtu.

Kikokotoo akanyanyuka. Kwa ruhusa yangu, ambayo sikuitoa, akalichukua dadu akauliza: tukilirusha mara mia, sita itatokea mara ngapi? Sifuri, wakajibu kwa kelele. Na tano je? Mikono yote juu. Hakusinzia hata mmoja. Mkaguzi aliandika mpaka kalamu ikaisha wino. Kumbe mwenzangu alijua tangu jana!

Kipindi kimekwenda. Dadu nalo limekwenda, sasa ni zana ya Hesabu. Imeniuma. Nilikipenda kipindi kile.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari. Kosa ni la ndala, soli laini mno. Mwalimu Mkuu kanionea huruma: Jumatano nina kipindi kimoja cha majaribio, cha mwisho. Nimechonga dadu la mbao. Sita nimeziweka tatu, wasiniletee maneno. Kisha tano, nne na tatu. Mbili na moja nimeziacha, hazina kazi. Mchezo mpya unahusu wakulima wa kwanza: hapandi mtu mbegu mpaka apate moja.

Mke wangu kaomba avihesabu vitone. Nimemkumbusha, kwa upole, kwamba historia si gauni.