Ufunguo wa Pipa la Oili ya Chenso

Mashimba Mayala,
Mkata Miti na Mpasua Mbao,
Buhongwa, Mwanza.
Agosti, 1995.

Kwa Mzee Privatus,
Mtunza Ghala Mstaafu wa Chama cha Ushirika,
Bukoba Vijijini.

YAH: OMBI LA KUREJESHEWA UFUNGUO WA PIPA LA OILI

Baba Mkwe mpendwa,

Shikamoo. Najua si kawaida ya mkwe kukuandikia barua yenye kichwa cha habari. Lakini malalamiko yakienda serikalini huandikwa hivyo, na katika ndoa hii wewe ndiye serikali pekee niliyobakiwa nayo. Nyumbani wote ni wazima, isipokuwa mimi.

Kama unavyofahamu, shirika la mbao lilipotupunguza kazini, kiinua mgongo changu nilinunulia chenso, yaani msumeno wa injini. Hilo ndilo shamba langu na huyo ndiye ng'ombe wangu. Chenso ina matangi mawili: la petroli, na la oili ya kulainisha cheni. Oili hiyo hairudi, Baba. Cheni inaizungusha, inaurushia mti, basi. Ikikosekana, cheni inaungua pamoja na bapa lake, kile chuma inachokizunguka, na hapo binti yako Leonsia na mjukuu wako Teodora watakula maranda.

Tangu soko huria lije, maduka ya Mkuyuni yamejaa oili za kila rangi, kwenye vikopo vidogo vyenye picha nzuri na bei ambayo mtu huiuliza mara mbili. Leonsia akashauri tununue pipa zima kwa jumla, tulilaze juu ya magogo stoo, tulifunge koki. Ushauri ulikuwa mzuri. Koki niliifunga mwenyewe, nikipiga mluzi. Sikujua kwamba najifungia nje.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Siku ya kumuaga Leonsia, wazazi wengine walileta magodoro na sufuria. Wewe ulimpa kufuli la ghala la kahawa. Watu walicheka, nami nikacheka kuwazidi. Sasa kufuli hilo liko kwenye mlango wa stoo na ufunguo uko kwenye pindo la kanga yake. Kila asubuhi nasimama pale na chupa yangu tupu kama mgonjwa wa zahanati. Baba, nchi nzima mashirika yanabinafsishwa. Pipa la Mashimba peke yake ndilo limetaifishwa.

2. Hatoi oili kabla ya kuuona mti. Anakuja hadi kazini kwangu, anavua kanga ya juu, anauzungushia mti mbele ya watu. Mti wa kanga moja, chupa moja ya soda. Kanga na nusu, chupa na nusu. Nimemweleza kwamba mkaratusi mkavu na mwembe si ndugu, mmoja ni mgumu unakula oili zaidi. Akanijibu, "Baba Teodora, ugumu ni kazi ya cheni. Noa cheni." Siku hizi wateja wananiuliza fundi mwenyewe atakuja lini kupima.

3. Mkolani kwa Mzee Kashindye, oili ilikwisha chenso ikiwa katikati ya shina. Sitaki kuingiza hapa habari kwamba njiani nilimgawia jirani yangu Masele kidogo alainishe baiskeli, maana hiyo siyo hoja. Hoja ni kwamba chupa haikutosha. Nilikimbilia kibandani nikanunua mafuta ya mgando ya kujipaka, yale yenye harufu ya waridi, nikaipaka cheni. Mti ulianguka ukinukia vizuri. Heshima yangu ilianguka nao.

4. Nikirudi nyumbani, chenso inalazwa juu ya sinia idondoshe matone. Nguo zangu za kazi zinakamuliwa kabla ya kufuliwa. Pumba za mbao zilizolowa oili zinajazwa guniani kwa ajili ya jiko, kwa hoja kwamba oili niliyoitupa porini lazima irudi ichemshe maharage. Wiki iliyopita alitutembelea katekista. Akaliona sinia mezani, akadhani ni mchuzi, akachukua kiazi. Leonsia alimwahi mkono. Naomba uelewe, Baba, hakuwa anaokoa tumbo la katekista.

5. Hili ni zito kuliko yote. Kwa miti midogo sasa sipewi oili kabisa. Napewa mafuta ya sangara, anayoyanunua kwa akina mama wanaokaanga mapanki, yale mabaki ya samaki wa viwandani. Yanalainisha, sikatai. Ila chenso ikilala bila kufutwa kwa mafuta ya taa, cheni inaganda kama imepakwa gundi. Halafu kuna wale korongo wakubwa wenye upara, wanaokaa kwenye viwanda vya samaki. Wamehamia kwangu. Nikienda kazini wananifuata nyuma kwa mstari, na watu wanavua kofia wakiuliza ni msiba wa nani.

Sasa tafakari tunakoelekea. Leo ni oili, kesho ni unga. Juzi nilikuwa nimejilaza baada ya kula, nikamwona Leonsia anaangalia tumbo langu huku ameshika kanga.

Kwa heshima zote naomba umwamuru anikabidhi ufunguo, mimi mwenye pipa. Ikishindikana, umwite Bukoba kwa muda, umfundishe upya, maana mafunzo ya awali yalizidi kipimo. Jambo hili halingoji. Jumatatu naanza kukata mikaratusi yote ya shule iliyo kando ya barabara ya Shinyanga. Ni kazi kubwa kuliko zote tangu nipunguzwe, na mwalimu mkuu amesema nikisuasua atampa mwingine. Mtu hawezi kuangusha msitu kwa chupa ya soda.

Msalimie Mama Mkwe Wilhelmina, mashangazi wote, na majirani walioshuhudia lile kufuli likitolewa. Ikupendeze kuisalimia hata migomba. Barua hii anakuletea shemeji yangu Renatus, anakuja kwa meli.

Ni mimi mkweo, ninayeomba chupa kwenye mlango wa stoo yangu,
Mashimba Mayala

Nyongeza:

Meli imechelewa kuondoka, kwa hiyo naongeza kidogo.

Jana Leonsia alikwenda msibani Mkuyuni. Kabla ya kuondoka alifungua pindo akanipa ufunguo kwa hiari yake. Alisema, "Haya, tawala."

Nilitawala, Baba. Masele alirudi na baiskeli, nami siwezi kumnyima mtu aliyesimama mlangoni kwangu. Akaja kaka yake na jembe la ng'ombe. Akaja mwenye mashine ya kusaga. Akaja mmoja mwenye nguzo zinazoliwa na mchwa, huyo alikuja na ndoo. Hakuna aliyeondoka mikono mitupu, na nilisifiwa sana, kuna hata aliyeniita mtemi. Jioni nilifungua koki kwa ajili ya kazi yangu ya Jumatatu. Ilikohoa tu. Kufuli nalo silioni. Nadhani kuna mtu aliliomba.

Leonsia aliporudi hakunigombeza. Aligonga pipa kwa kidole, akalisikiliza likilia, akaingia ndani akatoka na dumu lililojaa oili. Ni matone ya sinia, Baba, na yale maji ya kukamua nguo, na kidogo kidogo alichokuwa ananipunja kwenye kila chupa. Kumbe nilikuwa napunjwa kweli! Leo baada ya misa amekwenda kuizungushia kanga mikaratusi yote ya shule, na anasema dumu litatosha tukiongeza mafuta ya sangara. Nimeona aibu kubwa, na nimempenda upya.

Kwa hiyo naomba ukisome kichwa cha habari kinyume. Nitumie kufuli lingine la ghala, kubwa kuliko la kwanza. Ufunguo Renatus asiupitishe kwangu, amkabidhi Leonsia mkononi. Na kama zipo funguo mbili, huo wa pili kaa nao huko huko Bukoba.