Mfanyabiashara wa Hisa Juu ya Tangi

Jumatatu, 9 Juni

Kuanzia leo mie si mcheza kamari, jina ambalo mke wangu Rosalia anapendaga kuniita. Ni mfanyabiashara wa hisa anayekwenda na hali ya soko. Nimeisoma kanuni asubuhi kwenye simu, nikaikubali kabla chai haijapoa. Soko likitulia, pumzika. Likishika mwelekeo, lifuate. Likichafuka, weka pesa kidogo. Rahisi mno. Nashangaa watu wanafilisikaje.

Ofisi yangu iko juu ya mnara wa tangi la maji. Hapa Madale mtandao unapanda mlima kwa shida, ila pale juu unakubali. Soko la Marekani limefunguliwa jioni. Limetulia kama kanisa siku ya kazi. Nikapumzika, kama kanuni inavyotaka. Nikaendelea kupumzika. Nikaona sasa huu ni uvivu. Nikanunua hisa za kampuni ya viatu, nikaziuza, nikanunua za dawa ya ng'ombe, nikaziuza, nikarudi kwenye viatu. Bei hazikusogea. Kilichosogea ni makato ya kila muamala.

Ili siku isipotee bure nikapiga picha mashine ya kufulia ya jirani, nikaiweka status: "Wakati ujao ni wa mashine." Haina maana yoyote. Inatisha, na hiyo ndiyo kazi yake.

Mezani Rosalia akatoa hukumu. Yeye ni mwalimu Bunju, na tangu ofisi ya bima inipunguze kazini, mshahara wake ndio unaolisha nyumba. Akasema ikifika Jumatatu ijayo hisa zangu hazijanunua hata gari moja la maji, naenda kufanya kazi Temeke, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mdogo wake Albano. Mie! Revelian, karani mwandamizi, niwapimie watu misumari mbele ya shemeji niliyemfundisha kufunga tai!

Jumanne, 10 Juni

Soko limechafuka. Bei zinaruka kama pikipiki kwenye barabara yetu. Kanuni inasema weka kidogo. Nilikuwa nimeshaanza kutii, ndipo nikaiona status ya Benson.

Benson anaimba besi kwaya moja na mie, anakaa bondeni, na naye anafanya biashara ya hisa. Anaifanya akiwa amevaa tai, sebuleni kwake, mbele ya skrini mbili. Moja haiwaki. Nimechungulia mwenyewe. Leo ameandika: "Wenye macho tumeona. Mashine!"

Huyu ana habari za ndani. Nikatafuta haraka, nikapata kampuni inayotengeneza roboti za kukata majani. Nimetia nusu ya akaunti. Hali ya soko ni jambo kubwa, nakubali, lakini siwezi kumwachia mtu wa besi anitangulie.

Alhamisi, 12 Juni

Roboti zimeshuka. Nikapanda tangini niuze upesi kabla hazijaisha kabisa. Nikiwa juu, Rosalia akaazima ngazi kwa fundi wa jirani, bila kutazama kama kuna mtu. Simu nayo ikaisha chaji.

Nimekaa kule na kunguru mmoja ambaye hakuficha dharau yake. Mama mmoja akapita, akanipa pole, akauliza kama tangi linavuja. Nikasema nakagua.

Ngazi iliporudi jua lilikuwa linazama. Nikashuka kuchaji simu, nikarudi juu, nikafumba macho, nikafumbua. Roboti zimepanda! Zimepita hata bei niliyonunulia. Simu ingekuwa na chaji, ningekuwa nimeuza kwa hasara. Mtu mwingine angeita bahati. Mie naita subira ya kitaalamu.

Soko sasa lina mwelekeo, na mwelekeo ni juu. Nimetia nusu iliyobaki.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya ibada nikamnunulia Benson soda, nimchimbe taratibu. Nikamsifu sauti. Nikamsifu tai. Akasema na yeye siku nyingi alitaka kunishukuru, kwa zile roboti.

"Roboti zipi?" nikauliza.

"Si zako, braza. Niliona umeandika wakati ujao ni wa mashine. Nikajua mwenzetu una habari za ndani, nikatia zote."

"Mie nimenunua baada ya kuona status yako."

Tukanywa soda bila kutazamana. Kwaya ya watoto ikaimba beti zote za pambio, chupa zikabaki tupu. Kisha Benson akasema kwamba watu wawili wenye akili, wakifikia jambo lilelile kila mmoja kwa njia yake, hilo jambo lazima ni la kweli. Sikuwa nimelitazama hivyo. Tumepeana mkono kwamba hakuna atakayeuza bila mwenzake.

Jumatatu, 16 Juni

Kampuni imetangaza kwamba roboti zake hazitambui majani yaliyolowa. Bei imeanguka kama embe bovu. Nilikuwa juu ya tangi, kidole kiko kwenye kuuza, nasubiri Benson apige. Benson alikuwa chini bondeni anasubiri mie nipige. Tumekutana kwenye simu baadaye, hakuna kilichobaki cha kuuza. Akasema soko limekosa adabu. Sauti yake ya besi ilikuwa imepanda hadi tenori.

Rosalia hakugomba. Ningependa angegomba. Alinikuta kitandani natazama ukuta, akatoa shati langu la ofisini, akaanza kulipiga pasi.

"Baba Clara," akasema, "mie sijali hizo pesa kama unavyodhani. Kila jioni narudi kutoka kazini, nikikata kona nakutafuta kwanza kule juu, nione kama umeanguka."

Nikamshikia ncha ya shati anyooshe mkono. Ni shati zuri bado.

Jumatano, 18 Juni

Temeke. Nilijiandaa kudhalilishwa. Albano akaniamkia shikamoo mbele ya wateja, akanipa kiti chenye mto, akawaambia vijana wote kwamba huyu ni shemeji mkubwa, asikilizwe. Ameniharibia hasira yote. Mchana tukala wali maharage, akaniambia anasafiri kesho kwenda Songea kwenye harusi. Funguo ananiachia mie. Akasema nina jicho la biashara, limekosa tu duka.

Kwenye basi nilitazama nje ya dirisha mpaka macho yakakauka.

Ijumaa, 20 Juni

Siku ya maana sana. Asubuhi msambazaji akasema misumari imepanda bei. Nikauliza kwa nini. Akasema hajui. Mwelekeo!

Fundi wa kwanza akaja kutaka misumari ya bati. Nikamwambia siuzi, bei haijafika kileleni. Akadhani hajasikia vizuri. Wa pili akaniita mjomba, akabembeleza. Wa tatu akaondoka akisema maneno ambayo shajara haiwezi kuyabeba. Vijana wa dukani wananitazama kama yule kunguru. Nikampigia Benson, naye anasema anaona kitu hichohicho kutoka Madale. Hapo wasiwasi wote ukaniisha. Nikachukua mauzo ya jana nikanunua misumari ya duka la jirani, yote. Nimekaa juu ya magunia ya misumari. Ni pagumu, ila mtandao unashika.

Jioni Albano akapiga simu kutoka harusini, ngoma zinasikika, akauliza kwa upole leo tumeuza nini.

Nikamwambia hakuna hata msumari mmoja uliotoka, na hiyo ndiyo habari njema.

Simu ikakatika. Mtandao wa Songea bado ni tatizo.