Havlena wa Pakiti Nyepesi

Jumatatu, 4 Machi

Zimefika! Arvid amezipanga kwenye meza ya mbele ya duka lake: pakiti za kadi za besiboli za karatasi ya nta, kama zile za utoto wangu, na chingamu ndani. Huku Mesa, jangwani Arizona, jua limeshaanza ukali. Lakini nilipoinusa karatasi ile nilikuwa Cleveland, nina miaka kumi, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Aprili.

Kadi ni mpya, sura ni ya kale. Wachezaji wa leo, vijana wenye michoro shingoni, wamewekwa ndani ya ukingo wa rangi ya ubao wa mwaka 1962. Katikati yao wametawanywa wazee wachache wa mwaka ule wenyewe. Mmoja ni Ray Havlena, mlinzi wa kati wa timu yetu.

Havlena ndiye niliyemkosa. Siku zile kadi zilitolewa kwa mafungu, na fungu la mwisho lilitoka Septemba, wenye maduka walipokwisha kuhamia kadi za mpira wa Kimarekani. Mtaani kwetu halikufika kabisa. Albamu yangu ina pengo moja tangu hapo, na ulimi wa moyo haujaacha kuligusa.

Nimefungua pakiti kadhaa. Hayumo. Nimetafuna chingamu moja kwa heshima ya marehemu wote. Ngumu vilevile! Kifuniko cha gego kimetoka.

Jumatano, 6 Machi

Asubuhi kwa daktari wa meno. Akili imenijia nikiwa nimeachama. Kampuni imetangaza kwamba kadi za wazee zimechapwa kwenye karatasi nene. Nene maana yake nzito! Kwa nini ninunue kwa kubahatisha kama watu wengine?

Nimeingia dukani na mizani ya jikoni ndani ya kofia. Nikapima pakiti moja moja huku nikijifanya nasoma maandishi ya nyuma. Nyepesi nikarudisha, nzito nikazishikilia. Arvid akanitokea begani. Akauliza kama nifungiwe na kitunguu. Akasema, mzee wangu, hapa tunauza kadi, nyama ya kupima iko ng'ambo ya barabara. Wateja wakacheka. Nimelipa. Nimepigwa marufuku kuingia na kofia.

Nyumbani nikafungua. Zile nzito zote zina chingamu mbili mbili! Mtambo wa kiwandani ulikosea, nami nimeyachambua makosa yake yote kwa ustadi mkubwa.

Alhamisi, 7 Machi

Siku mbaya. Verna Ojala, jirani yangu wa ukuta mmoja, jana jioni alipita kwa Arvid akitamani chingamu ya utotoni. Akanunua pakiti moja. Moja! Leo kanigongea mlango akilalamika kwamba kaibiwa: chingamu hamna, mna wanaume watupu. Akanionyesha hao wanaume. Wa pili alikuwa Havlena.

Nimeelewa mara moja. Kadi nene ndani, chingamu hakuna, pakiti ikatoka nyepesi. Mkono huu unaoandika uliishika pakiti ile na kuirudisha mezani.

Nikajikaza. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayepiga miayo, kwamba mimi nina chingamu tele, achukue zote, aniachie hizo takataka. Akanitazama. Akasema: Emil, mwaka jana ngazi tu ya kubadilishia balbu ulininyima, leo unanigawia peremende? Akaondoka na Havlena wake, moja kwa moja hadi kwa Arvid.

Kwenye meza ya kubadilishana kadi ya Arvid kuna sheria isiyovunjwa: mkongwe habadilishani na mgeni kabla ya kumweleza alichoshika. Kwa hiyo Arvid akamweleza. Kisha akanipigia simu kunijulisha kwamba amemweleza. Anasema alimwambia: hicho Emil anachokiita takataka, anakitafuta tangu kabla ya mtu kutua mwezini. Rafiki gani huyu!

Jumamosi, 9 Machi

Balaa. Verna amembandika Havlena kwenye mlango wa friji, kwa sumaku yenye umbo la dungusi. Friji inatazama dirisha la mashariki! Jua la Arizona halina huruma. Gari langu lilikuwa jekundu, sasa ni la waridi. Itakuwaje sura ya mtu?

Nimesimama uani asubuhi nzima nikimchungulia, mpira wa kumwagilia maji mkononi. Ua wangu ni wa changarawe. Verna akafungua dirisha akaniuliza kama mawe yameanza kuota.

Nikamshauri aweke pazia. Akasema jua la asubuhi ndilo dawa ya magoti yake.

Basi, mpango. Kesho nakwenda kuomba sukari. Mfukoni nitakuwa na kadi ya mrushaji mmoja wa mwaka huu, ukingo uleule wa ubao. Akigeuka tu, nabadilisha. Si wizi. Ni kumhamishia Havlena kivulini.

Jumapili, 10 Machi

Nilifanikiwa kwa muda wa kufungua kabati. Verna alipogeuka na sukari, akatupa jicho kwenye friji, akasema: huyu si wangu. Wangu ana masikio. Kumbe kila asubuhi humsalimia! Akanyoosha kiganja. Nikamtoa Havlena mfukoni mwa shati.

Sikufukuzwa. Nilitarajia, nikawa nimeshauelekea mlango. Akaniwekea kahawa na mkate wa iliki wa Kifini. Akasema: haya, kaa, mzee mwizi wee, sema kweli. Bwana huyu alikufanyia nini?

Nikasema. Zamani zile wachezaji hawakuwa matajiri. Kila majira ya baridi Havlena aliuza majiko katika duka la mtaani kwetu. Jiko letu lilipopasuka, alituletea jipya yeye mwenyewe, amelibeba mgongoni hadi ghorofa ya tatu. Mama akampa glasi ya maziwa. Akanywa amesimama mlangoni, asichafue sakafu iliyopigwa deki. Akaniuliza, kijana, unacheza nafasi gani? Nikajificha nyuma ya mama. Shuleni nilipohadithia wakaniita mwongo. Wakasema, mtu amekunywa maziwa kwenu, nawe huna hata kadi yake? Sasa mama hayupo. Nyumba ilibomolewa ikapita barabara kuu. Malori yanapita pale palipokuwa jikoni. Hakuna aliyebaki wa kunishuhudia.

Verna akapuliza kahawa yake. Akasema: basi alikunywa maziwa. Hivyo tu, kama mtu anayesema leo ni Jumapili. Kisha akaisukuma kadi mezani hadi mbele yangu, akaniambia nichukue, nitulie sasa, nimefika.

Nilishindwa kushukuru vizuri. Nimesahau na sukari.

Jumanne, 12 Machi

Siku mbili za amani kamili. Havlena yuko kwenye albamu, masikio yote mawili. Ni chapa ya juzijuzi, najua, haina harufu ya mwaka wowote. Pengo halikujali. Nimemtazama mpaka nimesikia tena mlio wa glasi akiiweka kwenye sinki. Sihitaji kitu kingine duniani.

Mchana, kwa kupitisha muda tu, nikasoma maandishi madogo ya nyuma ya karatasi ya pakiti. Kumbe kila mzee amechapwa kwa namna mbili! Ile ya pili ni adimu: ukingo wa bluu, picha nyingine. Nimempigia Arvid. Anasema katika hiyo ya bluu Havlena anacheka. Anacheka! Maisha yangu yote sijawahi kumwona akicheka.

Sanduku jipya linafunguliwa kesho asubuhi. Mkono wangu mimi nimeshaujua. Lakini mkono wa Verna?

Nimemgongea. Nimemwambia kesho nampeleka kununua balbu, kwa gari langu, kwa mafuta yangu. Alishangaa mpaka akashika fremu ya mlango. Akasema kumbe binadamu hubadilika hata uzeeni.

Duka la balbu liko mlango wa pili kutoka kwa Arvid. Sadfa tupu.